Picha ya Nyigu Bila Mtu Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaja studio saa nne asubuhi. Nilikuwa nabandika albamu ya harusi, gundi imenikamata vidole viwili. Hakukaa. Kasema Nyigu amepata mtu wa kumnunua. Jumamosi ya tarehe kumi na tano anakuja kuchukuliwa. Anataka picha moja kabla hajaondoka: gari pale pale uani, watoto wawili ndani. Basi.

Niandike kwa faida ya watakaosoma siku moja: Nyigu ni gari la michezo la marehemu shemeji yangu, mume wa dada. Alilikuta limetelekezwa, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Akalijenga upya kwa miaka tisa katika banda nyuma ya nyumba, jioni baada ya jioni. Mwaka juzi likachukua kombe la kwanza kwenye maonyesho ya magari yaliyofanyiwa mabadiliko. Watu walipanga foleni kulichungulia. Mwenyewe alisimama pembeni kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Miezi saba iliyopita moyo wake ulisimama, mchana kweupe, akiwa chini ya gari la mteja.

Nimemwambia dada aniachie mimi, nina jambo kichwani. Dada kasema jambo lisiwepo, picha iwepo.

Lakini jambo lipo! Jarida la magari linatafuta picha ya jalada. Sharti: gari lililoshinda kombe, peke yake, mtu asionekane. Miaka kumi na tano napiga maharusi, na hakuna hata mmoja aliyetokea kwenye jalada la kitu chochote. Nyigu atanitoa.

Dada anatoka, Dakika Tatu kamdaka mlangoni. Huyu ni mpiga picha wa chini ya mwavuli, ng'ambo ya barabara. Huitwa hivyo kwa sababu picha zake za paspoti hutoka kwa dakika tatu, na ukiziona utajua. Kamwambia dada yeye anaweza kupita nyumbani siku yoyote akiwa njiani kwenda kazini. Mtu hana hata stendi ya kamera. Dada kamshukuru, kasema ana mdogo wake.

Ndiyo. Ana mdogo wake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda kukagua. Dada kashika turubai upande mmoja, mimi upande wa pili, tukalikunja kama watu wanaokunja shuka.

Sikuwa nimeliona tangu mazishi. Nilisahau lilivyo chini. Boneti inanifika magotini. Kiuno chembamba, makalio mapana. Mashavu ya magurudumu ya nyuma shemeji aliyapanua kwa bati alilolikunja mwenyewe, kipande kwa kipande. Injini aliitoa kwenye gari kubwa mara mbili ya hili. Bawa nyuma, mabomba manne ya moshi. Ndani alibakisha viti viwili tu, na vyuma vya mviringo juu ya vichwa, gari likipinduka paa lisikubane. Na rangi! Rangi yake haina jina. Ukisimama mbele ni shaba. Ukienda ubavuni inakuwa asali. Ukirudi nyuma inakaribia damu ya mzee.

Watoto wa dada ni wasichana wawili, mmoja miaka kumi, mwingine mitano. Mdogo kaingia kiti cha dereva, miguu inaning'inia. Kashika usukani, anaunguruma kwa mdomo. Alipofika kona aliyoijua yeye, kapunguza gia, ya tatu, ya pili, na mlio ukabadilika sawasawa. Mkubwa kakaa kiti cha pili kimya. Kafunga mkanda.

Nimewatoa. Vidole vinaacha alama kwenye vioo. Mkubwa kaniuliza kama wakinawa wanaweza kurudi. Nimesema tutaona.

Shemeji naye aliwahi kuniomba nimpige akiwa na Nyigu. Mara mbili. Labda tatu. Mara ya kwanza jua lilikuwa la utosini. Ya pili lenzi ilikuwa kwa fundi. Ya tatu sikumbuki ilikuwaje.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo. Gari lote ni kioo. Nimepiga picha arobaini na katika zote arobaini nimo. Mlangoni nimo, nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Kwenye bampa nimo, kichwa kama boga. Nimelala chini, nikatokea kwenye rimu mara nne, moja kwa kila gurudumu.

Mbinu: shuka jeusi. Nimejifunika gubigubi, nikatoboa tundu la lenzi, nikawa nasogea polepole kuzunguka gari. Kitu cheusi kwenye rangi ya giza hakionekani. Akili hiyo!

Jirani wa dada, mama muuza unga, akachungulia juu ya ukuta kuomba ndoo. Akaona kitu cheusi kisicho na kichwa kinainama mbele ya gari la marehemu. Ukelele aliopiga sijausikia tangu nizaliwe. Watu saba wakaingia uani, mmoja na mchi. Nimejifunua nikitabasamu. Tabasamu halikusaidia.

Dada kaniambia niende nyumbani. Kaniuliza, kwani nikionekana kwenye mlango kuna ubaya gani? Nimemweleza kwamba katika taaluma hilo ni kosa la darasa la kwanza. Kasema haya.

Ijumaa, 7 Machi

Uani hapafai. Kuna kamba ya nguo, pipa la maji, na ule ukuta wa jirani. Nimepata mahali: ghala la nguo lililofungwa, sakafu pana ya saruji, madirisha marefu upande wa mashariki. Gari likiwa peke yake katikati, utadhani limeshushwa kutoka mbinguni.

Mlinzi wa ghala nimemwambia natoka bima, nimekuja kupima sakafu. Kauliza mbona sina futi. Nimesema siku hizi tunapima kwa jicho. Kanitazama, kisha akasema yeye si mtoto, ila niseme ukweli. Nimesema ukweli. Kakubali mara moja, akaomba tu nimpige picha moja ya kumpelekea mama yake. Nimemwahidi. Siku nyingine, ndevu zikiwa zimenyolewa na mwanga ukiwa mzuri.

Limebaki la dereva. Mimi magari ya kawaida naendesha, lakini klachi ya Nyigu ni ngumu kama mlango wa jela. Nikaenda kwa Fundi Spana, aliyekuwa akimsaidia shemeji tangu siku ya kuku. Nimekuta anakunywa maji kwenye chupa, mikono nyeusi hadi viwikoni. Nimemweleza mpango, jalada, madirisha ya mashariki. Akasikiliza yote. Kisha akasema hawezi. Nikauliza kwa nini. Akafunga chupa.

"Kile kiti nilikifunga mimi," akasema. "Nilikipima kwa mgongo wake. Mimi sikai pale. Mwambie dada yako aliendeshe."

Kumwambia dada ni kukubali kwamba siwezi. Nitafikiri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri vibaya.

Dada na watoto walikwenda sokoni. Ufunguo wa Nyigu unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, mahali alipouacha shemeji. Mama yetu, ambaye anakaa na dada, alikuwa ndani akichambua mchele. Kaniuliza nafanya nini. Nimesema napangusa vumbi.

Nimeingia. Kiti kile si kiti changu. Kilinishika mahali pasiponihusu. Nikageuza ufunguo.

Huo mlio! Mabati ya banda yalitetemeka. Njiwa wote wa mtaa waliruka. Miezi saba hakuna aliyeliwasha zaidi ya Fundi Spana, naye huliwasha watu wakiwa hawapo. Nikiwa bado nashangaa, mlango wa jikoni ukafunguka. Mama kasimama pale, ungo mkononi, uso umewaka.

"Mkwe," akasema. "Umerudi?"

Mguu wangu ukateleza kwenye klachi. Nyigu akaruka kinyumenyume, mara moja tu, kama farasi aliyeumwa. Bampa ya nyuma ikakutana na pipa la maji.

Mama hajachanganyikiwa. Alipokuja karibu na kuona ni mimi, kasema masikio yalitangulia akili. Kaokota mchele uliomwagika, punje kwa punje. Nilitaka kumsaidia lakini ilibidi niangalie bampa.

Mkwaruzo urefu wa shubiri. Chini kweupe. Si mkubwa. Ukisimama mbali, ukifumba jicho moja, si mkubwa hata kidogo.

Nimelirudisha gari bandani kwa kulisukuma, nikalifunika. Nikaenda studio, nikafungua sanduku la vipodozi vya maharusi. Kuna rangi za kucha kumi na nne. Nimechanganya ya shaba na nyekundu iliyoiva, na tone moja la ya dhahabu. Nimepaka kwa brashi ndogo, nikapuliza kwa mdomo. Huwezi kutambua!

Jumapili, 9 Machi

Wametambua.

Fundi Spana alikuja kuangalia mafuta ya breki kabla ya gari kuondoka. Kavua turubai, kazunguka mara moja, kasimama nyuma. Kakwaruza kwa ukucha. Kanusa.

"Hii ni ya kucha," akasema.

Hakuuliza nani. Nimeanza kueleza kuhusu pipa, kwamba pipa lenyewe limekaa vibaya. Nimesema tupeleke gari kwa mpaka rangi, walinganishe. Fundi Spana katikisa kichwa. Kaeleza kwamba shemeji aliichanganya rangi ile mwenyewe, kwa jicho, siku nne, kopo juu ya kopo, bila kuandika popote. Alimwambia akikamilisha gari lote ndipo ataandika. Kopo la mwisho lilikauka. Hakuna duniani mtu anayejua vipimo vyake.

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, amesikia yote. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Kainama, kapitisha kidole kwenye mkwaruzo, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi sikukuomba picha ya gari."

Nikamwambia lakini gari si ndilo litakuwa kwenye picha.

Kainuka. "Hawa watoto watakua," akasema. "Huyu mdogo atamsahau sura. Nataka wawe na kitu cha kuwaonyesha kwamba hawakuota."

Nimemwahidi atakipata. Na nitampa zaidi ya alichoomba, nitampa jalada. Nimemwomba aniendeshee gari hadi ghalani Jumanne, kwa saa moja tu. Nilijua atakataa. Kashika ufunguo, kaugeuzageuza. Kasema sawa.

Usiku sikulala vizuri. Nimegundua kwamba nikipiga kutoka mbele, bampa ya nyuma haionekani kabisa. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Jumanne, 11 Machi

Siku kubwa! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama kabaki na watoto.

Dada kavua viatu. Kasema ndivyo alivyofundishwa, mguu uisikie klachi. Mimi kiti cha pili, begi la kamera mapajani, mkanda umenibana shingo.

Sikujua. Dada yangu huyu, anayeshona nguo za shule, anayenikumbusha kufunga gesi. Kalitoa Nyigu uani kama mtu anayemvusha mtoto mlango. Barabarani polepole hadi mwisho wa lami mbovu. Kisha barabara ya maghala, pana, tupu, imenyooka. Kaniuliza kama nimeshika. Nimesema nimeshika nini. Gia ya pili. Ya tatu. Mgongo wangu ukazama kwenye kiti. Mabomba yakapasuka nyuma yetu kama mahindi kikaangoni. Wafungua maduka wakasimama, mikono kwenye makufuli. Mzee mmoja akapunga mkono, sidhani kwa ajili yetu, kwa ajili ya gari.

Na dada akacheka. Kinywa wazi, machozi yanatiririka hadi masikioni, anacheka. Miezi saba sijasikia kicheko chake. Jua lilikuwa limemwingia ubavuni kupitia dirisha, vidole viko kwenye usukani, nywele zimefumuka.

Kamera ilikuwa ndani ya begi. Nilifikiria kuitoa. Lakini gari lilikuwa linatikisika, kioo cha mbele kina vumbi, na mtu akicheka namna ile uso unapoteza umbo. Haingekuwa picha safi.

Ghalani nimefanya kazi kwa saa mbili. Dada kasubiri nje na mlinzi, amekaa kwenye tofali, miguu mitupu. Shuka jeusi limefanya kazi, hapakuwa na majirani. Na saa mbili na dakika arobaini nimeipata. Ninaiangalia sasa hivi. Nyigu peke yake katikati ya sakafu, mwanga umelala kwenye boneti kama maziwa. Hakuna kamba, hakuna pipa. Hakuna mtu. Hata mimi simo.

Nimemwita dada aone. Kaitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, kwa heshima. Kasema ni nzuri sana. Kisha kasema inafanana na gari ambalo halijawahi kuwa la mtu.

Nimechukulia kama sifa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeituma picha kwenye jarida.

Dada kapiga simu. Mnunuzi keshaambiwa kuhusu mkwaruzo, kasema hauna neno. Sasa picha ya watoto. Leo jioni wapo, wamekoga, wamevaa. Kasema nije na kamera yoyote.

Kamera yoyote! Nimemweleza kwamba watoto wawili ndani ya gari lenye paa la chini ni kazi ngumu, nyuso zitakuwa gizani. Inahitajika lenzi pana. Rafiki yangu wa mjini anayo, anarudi Ijumaa usiku. Jumamosi mnunuzi anakuja saa nne. Mimi nitafika saa tatu na robo, jua likiwa limepanda juu ya ukuta wa jirani. Muda tele.

Kisha kauliza, una uhakika? Nimesema wewe lala usingizi.

Nyuma yake nilimsikia binti mdogo akiuliza kama mjomba anakuja. Dada kamwambia Jumamosi. Mtoto kasema basi atalala na gauni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefika saa tatu na dakika kumi. Kabla ya muda! Lenzi kwenye sanduku lake, imefungwa kwa sponji.

Lango wazi. Banda wazi. Turubai limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya pipa. Sakafuni doa la mafuta, mviringo, na mistari miwili ya matairi inayotoka nje.

Mnunuzi alikuja saa moja. Anatoka mbali, aliogopa jua na mvua na msongamano, akaamka mapema. Si mtu mbaya, Mama anasema. Alivua kofia. Alisubiri. Dada alinipigia simu mara nne, lakini mimi nilikuwa nyuma ya pikipiki natoka mjini na lenzi, simu mfukoni, mikono yote miwili imekumbatia sanduku.

Na nani akapita langoni akielekea kazini, mwavuli begani? Ndiyo.

Mama ndiye aliyenisimulia. Dada alimwita Dakika Tatu. Hakuuliza mwanga uko wapi. Kalaza mwavuli chini, kawaambia watoto waingie. Mkubwa akafunga mkanda. Mdogo alikuwa analia, hataki kushika usukani, anasema akishika gari litaondoka. Fundi Spana, aliyekuja kukabidhi, kachuchumaa dirishani, akamwambia, "Baba alikuwa anaingiaje kona ya kwa mwalimu?" Mtoto kafuta kamasi. Kashika gia. Tatu, mbili. Hapo hapo Dakika Tatu akapiga. Moja tu. Akaokota mwavuli, akakataa hata chai, akasema ana foleni.

Halafu Nyigu akaondoka. Mama anasema mlio ulisikika hadi barabara kuu, na ulipokatika dada alibaki ameinua kidole, kama anayesema subirini bado.

Nimemkuta dada jikoni anaosha vikombe. Nimemweleza kuhusu pikipiki. Kasema haina neno. Nimemwonyesha lenzi. Kajifuta mikono, kaitazama, kasema ni kubwa.

Watoto walikuwa wamelala, mchana, na magauni yao.

Kwa kuwa lenzi nilikuwa nayo hadi jioni, nimepiga picha chache za banda tupu. Lazima niseme ukweli: mwanga ulikuwa mzuri sana.

Jumatano, 19 Machi

Mambo mawili.

La kwanza. Picha ya Dakika Tatu imetundikwa sebuleni kwa dada. Nimeichunguza kwa haki, kama mtaalamu. Nambari ya gari imekatwa. Ndoo imo, nyekundu. Kamba ya nguo imo, na soksi moja. Mkubwa kafumba jicho. Mdogo kakunja uso wote, midomo imetokeza, yuko kwenye kona yake, anavuta gia, na haoni chochote kingine duniani. Na mlango ule! Kwenye mlango wanaonekana wote: dada kafunika mdomo kwa kiganja, Mama na fimbo, Fundi Spana kageuka pembeni, na Dakika Tatu mwenyewe, kichwa kama boga. Watu sita katika picha ya watoto wawili. Makosa ya darasa la kwanza.

Nimesimama mbele yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

La pili. Mhariri wa jarida amepiga simu! Mama mmoja, sauti ya upole. Picha yangu imewavutia, safi mno. Imeingia kwenye tatu za mwisho. Ila wamebadilisha mawazo kidogo. Wamesikia aliyelijenga amefariki. Wanataka kuandika habari yake kurasa mbili, na jalada liwe yeye akiwa na gari lake. Kauliza, si mlikuwa ndugu, si ulikuwa naye miaka yote. Lazima unayo.

Nimesema bila shaka ninayo.

Nimekata simu nikafungua makabati. Picha za miaka kumi na mitano. Nimefunga studio, nimetafuta tangu saa tano hadi magharibi. Maharusi, mahafali, ubatizo wa watu nisiowakumbuka, keki. Shemeji alikuwa akija kunisaidia Jumamosi, bila kudai kitu, kunishikia taa na lile bati jeupe la kurudisha mwanga. Kwa hiyo yumo. Kiwiko chake kimo, harusi ya mwalimu. Kivuli chake kimo kwenye zulia jekundu. Katika moja kuna mkono mzima, umeshika bati, ukucha wa kidole gumba una rangi ya shaba. Hiyo ni ile wiki ya makopo.

Uso hakuna. Nimetazama mara mbili. Pale alipokaribia kuingia nilimkata mwenyewe, kwa ustadi. Nakumbuka nilivyokuwa nikimwambia: shemeji, rudi nyuma kidogo, unaingia. Naye anarudi nyuma, anacheka, anauliza, hapa je?

Nimempigia mhariri. Nimesema zilipotea kwenye mafuriko. Kanipa pole kwa mafuriko. Wametafuta picha nyingine ya jalada.

Nimekaa kwenye kile kigoda cha maharusi hadi taa za barabarani zikawaka. Sikuandika nilichokuwa nafikiri. Hakiandikiki.

Jumapili, 23 Machi

Nimeamka mtu mpya. Huzuni haijengi nyumba. Nimejitathmini kwa ukali na nimeona kosa langu liko wapi: vifaa. Ningekuwa na lenzi pana ya kwangu mwenyewe, yote haya yasingetokea. Nimeshaagiza. Inafika mwezi ujao, au ule unaofuata.

Mchana nimekwenda kwa dada kula. Nimemkuta Mama kwenye kiti uani, kavaa lile gauni la kijani analolivaa kwa nadra, kajifunga kitambaa kichwani, kapaka mafuta miguu. Dada kakaa upande mmoja, watoto chini. Nikauliza kuna sherehe gani. Mama kasema hakuna. Kasema ameiona ile ya ukutani, yeye yuko mle mlangoni mdogo kama mdudu. Kamera si ninayo begani? Nimpige sasa hivi, pale pale, na mwanawe na wajukuu. Miguu inamuuma, hataki kuhamahama.

Nimeangalia kwa kamera. Jua la utosini. Kamba ya nguo nyuma. Uso wa Mama nusu yake kivulini, na mdogo hatulii.

Nikampigia magoti, nikamshika mkono, nikamweleza kila kitu. Lenzi inakuja. Nitaleta kitambaa cha nyuma cha rangi ya maziwa, na taa mbili. Nitampiga picha ambayo mtaa mzima utakuja kuitazama. Asubiri kidogo tu.

Dada kainuka, kaanza kuanua nguo kwenye kamba.

Mama kasema sawa, mwanangu, wewe ndiye unayejua. Kaomba mkono wa kuinukia, akaingia ndani kuvua gauni.